FIZI ZATOKA DAMU, NASI TWAMEZA VIDONGE
Somo la afya kwa jumuiya na vikundi: dawa za maumivu na ugonjwa wa fizi

 

Somo letu la leo lahusu kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anacho mkobani, mfukoni au kimefungwa pindoni mwa leso: kidonge cha maumivu. Tutaangalia kinafanya nini, na hakifanyi nini, kwa mtu mwenye ugonjwa wa fizi.

Baada ya somo hili tunatarajia kwamba msomaji ataweza:
(a) kueleza jinsi ugonjwa wa fizi unavyoanza na unavyoendelea;
(b) kutofautisha aina tatu za dawa za maumivu na hatari za kila moja;
(c) kujua ni wakati gani kumeza kidonge hakutoshi, na aende wapi.

1. TUONE: YALIYOTOKEA BIASHARA STREET

Biashara Street mnaijua. Ni mtaa wa leso na vikoi, maduka yamebanana, na nje barazani wamekaa mafundi na vyerehani vyao vya mguu. Mteja akinunua doti ya leso, humpa fundi aikate na kuipiga pindo, akaondoka nayo tayari kuvaliwa.

Mmoja wa mafundi hao ni mama ninayemfahamu kupitia kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Ameniruhusu nieleze yaliyompata, ila jina amesema, "Mwalimu, hilo niachie mwenyewe." Basi nitamwita Mama Fundi.

Kwa miaka mingi Mama Fundi alikuwa akikata uzi kwa meno, kama wafanyavyo mafundi wengi. Siku moja akauma uzi, jino la mbele likacheza. Hapo ndipo aliposhtuka. Lakini alipokumbuka nyuma, dalili zilianza zamani: damu kila akipiga mswaki, fizi nyekundu zilizovimba, na harufu ya kinywa iliyomfanya azungumze na wateja huku amejifunika mdomo kwa ncha ya leso. Hakuumwa, kwa hivyo hakujali. Damu ilipozidi, aliacha kupiga mswaki upande ule, akidhani anauumiza.

Baadaye maumivu yakaja. Akaenda duka la dawa, akauziwa vidonge. Vikamtuliza. Kesho yake akarudi. Mwishowe ikawa ndiyo desturi: parasetamoli asubuhi kabla ya kufungua kazi, brufen mchana, na usiku diklofenaki, ile aliyoambiwa ni "ya nguvu". Miezi minane.

Siku moja alianza kuona kizunguzungu, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Akaanguka pale pale kwenye cherehani. Majirani walimtia kwenye tuktuk hadi hospitali. Tumbo lilikuwa limefanya kidonda na damu ilikuwa ikivuja ndani. Aliongezewa damu.

Jambo lililonishangaza ni hili. Muuguzi alipomuuliza, "Mama, kuna dawa zozote unazotumia?", yeye alijibu, "Hapana, situmii dawa." Hakuwa anasema uongo. Kwake yeye, na kwa wengi wetu, kidonge cha maumivu sio dawa, ni kama peremende au kikombe cha chai. Ni mimi niliyefungua mkoba wake kutafuta kitambulisho nikakuta vipande vya vidonge vya aina tatu. Nikampelekea daktari. Hapo ndipo mambo yalipofahamika.

Mama Fundi yuko hai, tunamshukuru Mungu. Lakini meno matatu yameng'olewa, na sasa uzi anaukata kwa mkasi.

2. TUTAFAKARI: UGONJWA WA FIZI NI NINI?

Kinywani mna vijidudu vingi. Vijidudu hivi hujijenga juu ya meno kama utando laini unaonata, nao huanza kujirudisha saa chache tu baada ya kupiga mswaki. Huo ndio ukoga. Usipoondolewa kila siku hunyonya chumvichumvi za mate ukawa mgumu kama chokaa, na ukishakuwa mgumu mswaki hauutoi tena. Ni lazima ukwanguliwe na mtaalamu.

Ugonjwa huenda kwa hatua mbili:

Hatua ya kwanza. Fizi huvimba, huwa nyekundu na kutoa damu kwa urahisi. Wataalamu huita ginjivitisi. Hatua hii hupona kabisa ukisafisha meno vizuri na kuondolewa ukoga mgumu.

Hatua ya pili. Kwa baadhi ya watu, ugonjwa huteremka chini ya fizi. Fizi hujitenga na jino, pakafanyika kimfuko, na mfupa unaoshika jino huanza kuliwa. Hii huitwa periodontitisi. Mfupa uliokwisha kuliwa kwa kawaida haurudi wenyewe. Meno huonekana marefu, huachana, hucheza, na mwisho hutoka.

Je, ni wangapi wanaohusika? Uchunguzi wa taifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta fizi zinazotoka damu kwa watu wazima takriban 98 katika kila 100. Msiogope mkadhani sote tutakuwa vibogoyo. Watafiti Manji, Baelum na Fejerskov waliwapima watu wazima kule Machakos, na katika taarifa zao za mwaka 1988 walionyesha kwamba ukoga ulikuwa kwa karibu kila mtu, lakini uharibifu mkubwa wa mfupa uliwaangukia wachache. Shida ni kwamba huwezi kujijua kwa kujitazama kwenye kioo kama wewe ni mmoja wa wachache hao. Ni lazima upimwe.

Na sasa shikeni neno hili, kwa sababu ndilo kiini cha somo: ugonjwa wa fizi kwa muda mrefu hauumi. Jipu ndilo linaloumiza, na jipu huja nyumba ikishabomoka. Kwa hivyo mtu anayengoja maumivu ndipo aende hospitali amechelewa, na yule anayeyanyamazisha maumivu kwa vidonge amechelewa mara mbili.

3. KIDONGE HUFANYA NINI MWILINI?

Vijidudu vikishambulia fizi, mwili hujitetea. Hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huleta joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Zikizidi kwa muda mrefu, kemikali hizo hizo huchangia kula mfupa wa taya. Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kwamba asprini hufanya kazi kwa kuzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Bergström na Samuelsson wa Uswidi.

Basi wataalamu wakajiuliza: kama prostaglandini hula mfupa, na dawa hizi huzizuia, si dawa hizi zitaokoa meno? Swali zuri. Walijaribu. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa waliopewa dawa ya jamii ya brufen, iitwayo fluribiprofeni. Mfupa uliliwa polepole zaidi, lakini faida haikudumu dawa ilipoachwa. Ndiyo kusema, vijidudu bado vilikuwa pale pale. Hatari kwa tumbo na figo nazo zilikuwepo. Hivi leo mwongozo wa wataalamu wa fizi wa Ulaya, uliotolewa mwaka 2020, unapendekeza dawa hizi zisitumiwe kama nyongeza ya kutibu ugonjwa wa fizi. Hata huko Ulaya tiba ni ile ile: ukoga uondolewe.

Fikirini mtu ambaye jikoni kwake panaungua. Moshi unamwasha macho. Yeye afunga macho, asema, "Afadhali." Moto umezimika?

4. DAWA MOJA MOJA

(a) Parasetamoli (wengi twaiita Panadol, hata kama ni ya kampuni nyingine). Hutuliza maumivu na homa, lakini uvimbe wa fizi haiushughulikii sana. Ikitumiwa kwa kipimo ni salama kwa watu wengi. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na aache nafasi ya saa 4 hadi 6 kati ya dozi. Ikizidi huharibu ini, na ini likiharibika mtu hajisikii vibaya siku ile ile, ndiyo hatari yake. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana amwone daktari kwanza.

(b) Brufen, diklofenaki na jamaa zake. Hizi hupunguza maumivu na uvimbe pia. Daktari wa meno huziandika kwa siku chache, nazo husaidia kweli. Lakini anayezimeza mfululizo huweza kuona fizi zimepungua wekundu, akasema amepona, kumbe chini mfupa unaendelea kuliwa. Zaidi ya hayo huweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kudhoofisha figo. Kumeza brufen pamoja na diklofenaki ni makosa. Hizo ni ndugu wa tumbo moja. Huongezi nguvu, unaongeza madhara.

(c) Asprini. Hii ina tabia nyingine: huzuia damu kuganda, na nguvu hiyo hubaki kama siku 7 hadi 10, mpaka mwili utengeneze chembe mpya za kugandisha. Kwa hivyo mwenye fizi mbovu akimeza asprini ataona damu nyingi zaidi. Asprini haikumletea ugonjwa. Ugonjwa ulikuwepo, asprini imeufungulia mlango uonekane. Watoto na vijana chini ya miaka 16 wasipewe asprini ila kwa amri ya daktari.

Angalizo: wale walioandikiwa asprini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo au kiharusi WASIIACHE kwa sababu ya damu ya fizi wala kwa sababu ya kung'olewa jino. Mwambieni daktari, yeye ndiye ataamua.

(d) Vidonge vya mchanganyiko. Vile vya "kichwa" viuzwavyo kimoja kimoja hadi kwenye vibanda, vingi huwa na asprini, parasetamoli na kafeini kwa pamoja. Ukimeza hivyo, kisha ukaongeza Panadol, umemeza parasetamoli mara mbili bila kujua. Someni pakiti. Kama mmeuziwa kipande bila maandishi, ulizeni jina la dawa kabla ya kutoa pesa.

(e) Kidonge kubandikwa kwenye fizi. Hii nimeiona sana. Mtu hubandika asprini kando ya jino akilala, asubuhi anaamka na ngozi nyeupe iliyobabuka. Ni asidi, huchoma. Asprini hufanya kazi ikimezwa, haifanyi kazi kwa kubandikwa. Hata mafuta ya karafuu, ambayo kweli hutia ganzi na wazee wetu waliyajua tangu zamani, yakiwekwa mengi bila kupunguzwa huchoma fizi.

5. WANAOHITAJI UANGALIFU ZAIDI

Wenye homa. Hapa Mombasa tumepata milipuko ya homa ya dengi, kama ile ya 2013 hadi 2014, ya 2017 na ya 2021. Dengi huweza kuleta damu kwenye fizi. Mtu mwenye homa kali, maumivu ya viungo na fizi zinazotoka damu asimeze asprini, brufen wala diklofenaki, kwa maana zitaongeza kuvuja. Parasetamoli kwa kipimo, maji mengi, na hospitali siku hiyo hiyo.

Wenye kisukari. Sukari ikiwa juu, fizi huharibika haraka. Na fizi zikiwa na ugonjwa, sukari huwa ngumu kushuka. Kama fizi zako hazisikii matibabu, pimwa sukari.

Wenye presha na kifafa. Dawa za presha kama nifedipini na amlodipini, na dawa ya kifafa fenitoini, kwa baadhi ya watu huzifanya fizi ziote na kufunika meno. Usiache dawa, mweleze daktari, pengine ataibadilisha. Na mwenye presha au figo mbovu asijinunulie brufen wala diklofenaki.

Akina mama wajawazito. Fizi hutoka damu kwa urahisi wakati wa mimba, na kusafishwa meno wakati huo ni salama. Lakini brufen na jamaa zake, hasa mimba ikishafika wiki 20, ziepukwe ila kwa agizo la daktari.

Wavutaji wa sigara. Sigara huharibu fizi na wakati huo huo hupunguza damu kutoka, kwa hivyo mvutaji huona fizi zake ni nzima kumbe sio.

6. TUTENDE: TUFANYE NINI?

Nyumbani. Piga mswaki mara mbili kwa siku na dawa ya meno yenye floraidi, na usiku usikose. Fizi zikitoka damu usiache upande ule. Hapo ndipo panapohitaji kusafishwa, kwa upole na brashi laini. Wenye kutumia mswaki wa mti waendelee. Shirika la Afya Duniani liliuunga mkono tangu miaka ya 1980, na jirani zetu Waislamu wametutangulia katika jambo hilo. Ila utafune ncha mpaka ilainike, na ufikishe nyuma kabisa na upande wa ndani, sio meno ya mbele tu yanayoonekana ukicheka. Maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi husaidia kusukutua, lakini hayaondoi ukoga mgumu.

Kwa mtaalamu. Damu ikiendelea kwa wiki mbili ingawa wasafisha vizuri, au jino likianza kucheza, nenda ukaonwe. Si lazima kwanza daktari bingwa. Wako maofisa wa afya ya kinywa ya jamii waliofunzwa KMTC, ambao hukwangua ukoga na kung'oa. Hapa kisiwani kuna Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wazee bado huiita Makadara. Uliza bei mapema, usiache kwenda kwa kuogopa bei usiyoijua.

Haraka, bila kungoja kesho: shavu au shingo likivimba, kinywa kikikataa kufunguka, kumeza kukiwa kwa taabu, au homa ikija pamoja na jipu. Sumu ya jino huweza kuteremka shingoni na kuua. Vile vile choo cheusi au kutapika damu kwa mtu anayemeza vidonge.

Kidonge chenyewe. Hatusemi msimeze. Maumivu ya jino usiku sio mchezo, na kumtuliza anayeumwa ni huruma. Tunasema kidonge kikuvushe usiku mpaka ufike kwa mtaalamu. Ukikihitaji zaidi ya siku tatu, kidonge hicho kinakwambia uende. Na ukiulizwa hospitalini, "Unatumia dawa gani?", taja zote, hata ya kichwa ya kibandani.

Mfukoni. Tulikaa na Mama Fundi tukapiga hesabu. Alikuwa akitumia shilingi 20 kwa siku. Kwa mwezi ni 600. Kwa miezi minane ni 4,800, bila kuhesabu hospitali na siku alizokosa kazi. Aliniangalia akasema, "Kumbe nilikuwa nikilipa, ila sikuwa nikitibiwa." Kikundi chao sasa kimetenga mfuko mdogo wa matibabu: kila mama huweka kidogo kila wiki, na anayepata dalili huchukua nauli na ada ya kuonwa kabla hajafika duka la dawa. Jumuiya nyingine zaweza kuiga.

7. NENO LA MWISHO

Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Apolonia tarehe 9 Februari. Alikuwa mwanamke Mwafrika wa Alexandria, Misri, ambaye watesi walimvunja meno katika mateso ya mwaka 249, na wenye maumivu ya meno wamemfanya mwombezi wao. Tumwombe. Lakini tukishasema Amina tuondoke tukapimwe, kwa maana tuliyepewa mwili na Mungu tumepewa pia kazi ya kuutunza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Mama Fundi aliyaficha kwa ncha ya leso na kwa vidonge. Leo ndiye anayewaambia mafundi wenzake pale barazani, "Hebu nionyeshe fizi zako."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO NA VIKUNDI

1. Kwa nini Mama Fundi alimwambia muuguzi kwamba hatumii dawa? Nasi tungejibu vipi?
2. Ni vidonge gani viko nyumbani kwetu sasa? Nani anajua ndani mna nini?
3. Katika mtaa wetu, ni nini kinachowazuia watu kwenda kwa mtaalamu wa meno: pesa, woga, aibu au kutojua? Tunaweza kuondoa kipi kwanza?
4. Kazi ya wiki: kila mmoja alete pakiti moja ya dawa ya maumivu. Tusome pamoja maandishi yake, na tuhesabu ni ngapi zenye dawa ile ile kwa majina tofauti.